Vikombe vya Kizunguzungu

Eti nisimulie mimi. Hapa wapo waliofika sekondari, wana miwani na kalamu za rangi tatu, lakini habari ya vikombe wananiletea mimi, niliyeacha shule mwaka wa tatu kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa na njaa kuliko mimi nilivyokuwa na akili. Haya. Ila mtu asinisahihishe katikati.

Kijiwe chetu ni ubao mmoja wa mtumbwi uliokufa, umelazwa juu ya mawe mawili meusi ya volkano, juu kidogo ya pale maboti ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, yanapofikia. Gad anauza kahawa ya tangawizi, ndiyo maana jina lake Termosi. Kando yake anakaa Sebagabo, anayebeba mizigo Petite Barrière, mpakani kati ya Gisenyi na Goma, tangu hana ndevu. Huyo ni Douane, yaani forodha, maana kila kitu duniani anakiona kinavuka mpaka. Wa tatu ni Kimenyi, aliyerudi kutoka Tanzania na methali mia, na hakuna hata moja iliyokaa mahali pake, tunamwita Kigoma. Mimi wananiita Mukecuru, yaani bibi kizee, na sikatai. Nakaanga sambaza Mbugangari. Nashuka asubuhi kununua, nakaa kidogo, naondoka nimechelewa.

Mbele ya ule ubao, ndani ya mayi, yaani maji, kuna boya la njano lenye mlingoti. Watu wa mradi wanataka kusimamisha vinu vya upepo ziwani, virefu kuliko mnara wa kanisa, vinavyoelea na kufungwa kwa minyororo, vitoe umeme. Lakini kwanza lazima upepo upimwe mwaka mzima. Juu ya mlingoti kulikuwa na kitu kidogo cheusi kinachozunguka bila kuchoka. Kutoka ufukoni hukioni vizuri. Sisi tulikiita Kizunguzungu.

Jumatatu Kizunguzungu hakikuonekana tena. Jumanne asubuhi akaja Larissa, binti wa mradi, na kipaza sauti. Akasema: "Vikombe vyetu vitatu vimeibwa. Visiporudi mpaka Alhamisi saa sita, upande ule wote unafungwa. Hakuna kutupa nyavu."

Upande ule ndio wenye sambaza. Ukifungwa, kikaango changu nikivae kama kofia.

Na aliposema vikombe, ufuko mzima uligeuka kumtazama Gad.

Basi Alhamisi asubuhi Gad alikuwa bado anahesabiwa.

Douane: Termosi, leta vikombe tuhesabu.

Gad: Mulihesabu jana! Iko kumi na moja!

Douane: Juzi kumi na moja, jana kumi na moja. Mutu anauzisha kahawa, siku tatu ata kimoja hakipasuke? Huyo iko na vingine mahali.

Gad: Yewe! Kikombe ya kahawa inatafuta nini juu ya mulingoti? Bale ba mradi banakunyweaka kule?

Kigoma: Wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi.

Gad: Maana yake?

Kigoma: Maana yake wewe ni mnyonge, na dau huna. Rudisha vikombe vya watu.

Mimi: Kigoma, methali yako na maneno yetu ni kama kiatu na sikio.

Douane: Bon, mi minajua. Ile upepo inatoka wapi? Goma. Inapita ku barrière? Haipite. Inaonyesha jeton ya kuvukia? Haionyeshe. Inapita juu ya mayi kama mwenye nyumba. Donc baliweka vikombe tatu ya kuilipisha. Kimoja ya Congo, kimoja ya Rwanda, kimoja ya ile inapotea njiani.

Gad: Na nani aliiba?

Douane: Upepo yenyewe! Minabeba mizigo miaka makumi mbili. Fraude, ile magendo, naijua ata ikivaa kitenge.

Kigoma: Siyo. Binti alisema "shamba la upepo", nimemsikia kwa masikio haya. Shamba lisilo na mbegu ni shamba? Kule Kanzenze maharage ya kupanda wanapima kwa nini? Kwa kikombe! Mtu ameiba mbegu. Upepo ukimwotea nyumbani kwake, sote tutaununua kwake.

Gad: Upepo inaota?

Kigoma: Mvumilivu hula mbivu.

Gad alimimina kahawa, akakaa kabisa. Aliyeshtakiwa siku tatu ana haki ya kudanganya kidogo.

Gad: Sasa musikie mwenye vikombe. Chini ya hii ziwa iko gaz, si munajua? Ziwa inakunywa mvua, inakula samaki, inashiba. Mutu akishiba anafanya nini?

Douane: Analala.

Gad: Anacheua! Jumatatu ziwa ilicheua. Ile harufu ikapanda mu mulingoti, Kizunguzungu ikashikwa na kizunguzungu, ikatapika vikombe yote tatu. Muende mutafute chini.

Hata mimi nilicheka, na mimi sichekeshwi bure.

Douane: Inawezekana, sha. Na bakipandisha vile vinu makumi tatu, vitavuta upepo yote. Nguo hazitakauka tena Gisenyi. Moshi ya volkano itasimama pale juu kama mugeni asiyejua saa ya kuenda. Halafu Goma batakuja kudai upepo yabo ku tribunal.

Mimi: Mdai upepo, msidai. Mimi nadai sambaza, na saa tano imepita.

Nikachukua beseni langu, nikashuka kwa Callixte.

Huyu Callixte ana boti na ana koo. Akifika ufukoni anapiga kelele "Najaza! Najaza!" mpaka ng'ombe wa jirani wanasimama, na jina lake limekuwa hilohilo, Najaza. Sambaza anauza kwa kikombe. Miaka yote alikuwa na kikombe cha plastiki ya kijani, kimekatika mkono. Tangu Jumanne alikuja na kipya, cheusi, kinang'aa, mviringo kama nusu ya chungwa. Alikibeba kiganjani, hakiachi, kama padri na komunyo.

Mimi: Callixte, vikombe kumi zamani zilifika ku alama ya beseni. Hii asubuhi ya tatu hazifike. Jana nilifukuza paka mu nyumba juu yako.

Callixte: Paka njo mwizi, Mukecuru! Hii kikombe ni ya kisasa. Ya Kigali.

Mimi: Ya kisasa inakuwaka ndogo?

Callixte: Ni macho ya uzee, mama. Najaza! Haki ya Mungu, najaza!

Kigoma, kutoka juu: Haba na haba hujaza kibaba!

Mimi: Ya huyu iko haba na haba tu. Kibaba bado iko njiani.

Wanawake kumi na moja tulikuwa pale na mabeseni yetu, tukacheka, tukanunua. Ndivyo tulivyo. Tuna midomo ya kusema na mikono ya kulipa.

Larissa akateremka kabla ya saa sita, uso wake umeshaandika barua mbaya. Gad akamrukia na sinia.

Gad: Dada, angalia kwa macho yako! Kumi na moja! Ni vya mama yangu!

Larissa: Vikombe vya kahawa? Nani alisema kahawa?

Gad akawageukia wenzake kama mtu aliyetoka gerezani. Akampa Larissa kahawa ya bure, na bure ya Gad si ya kila mwaka. Larissa akaja nayo mpaka tulipo, mfuko begani.

Larissa: Nipimie vikombe vitano, kaka. Kesho labda hamtakuwa nazo. Weka kikombe chini kwanza, unifungulie mfuko.

Callixte: Fungua tu, dada. Nangojea.

Larissa: Mkono mmoja una kahawa. Weka chini, hautachukua dakika.

Callixte akatazama mchanga, akatazama jiwe. Watu nyuma wanasukumana. Mwishowe akakilaza juu ya jiwe taratibu kama yai. Kikalala ubavu. Kikageuka, kikaviringika, kikapita katikati ya mabeseni, kikasimama kwenye kidole changu cha mguu.

Larissa akauliza, bila hasira yoyote, kama mtoto anavyouliza mbona mwezi haudondoki:

– Kikombe gani hiki kisichoweza kusimama?

Douane, anayejua njia za magendo zote, aligundua kuna kitu cha kutazama upande wa Goma. Kigoma, mwenye methali mia, aliinama kufunga viatu. Callixte mwenyewe alikuwa anahesabu vidole vyake.

Nikainama nikakiokota. Chini yake kulikuwa na duara la lami, ile ya kuzibia mitumbwi. Nikaikwangua kwa kucha. Tundu. Na kando ya tundu, namba ndogo zimechongwa.

Larissa akakipokea.

– Hiki hakikuumbwa kusimama, mama. Kiliumbwa kuzunguka.

Ndipo tulipoelewa vikombe ni vikombe gani: ni vya Kizunguzungu, upepo unavisukuma vizunguke, ndivyo unavyopimwa. Siku tatu tulitafuta mpaka Congo kitu kilichokuwa kinatupimia chakula.

Callixte: Sikuiba! Jumatatu upepo ilikuja na nguvu, nikafunga boti ku mulingoti. Kamba ikavuta, kichwa ya Kizunguzungu na vikombe yake ikaanguka ndani ya boti. Niliogopa.

Mimi: Woga njo ilikufundisha kuziba tundu na lami?

Callixte: Mukecuru, iko muzuri. Nilisema isipotee bure.

Mimi: Na ile ya pili na ya tatu?

Callixte: Kimoja iko na chumvi. Kimoja kuku banakunywea.

Larissa akatazama saa. Zilibaki dakika kumi na tano. Callixte ana miguu mirefu, na siku ile tulijua Mungu alimpa kwa kazi gani. Alirudi anahema, kikombe kimoja kina chumvi, kingine kina unyoya. Larissa akavipanga vitatu ndani ya mfuko wake, akasema upande ule haufungwi. Ufuko mzima ukapiga kelele, na Gad akauza kahawa yote iliyobaki kwa watu walewale waliomwita mwizi. Aliwapa kila mmoja kikombe akisema: "Hesabu."

Lakini kesi haikuisha kwa sababu watu wamefurahi. Larissa alitaka kuzungumza habari ya msamaha. Nikamwambia, binti yangu, kunywa kahawa, hii ya samaki ni yetu. Nikamtuma Callixte alete kile cha kijani. Akarudisha asubuhi tatu nzima, kwa kila mwanamke kama alivyonunua, kwa kikombe cha kijani, na juu ya kila kikombe kilima mpaka sambaza zimwagike. Iliisha Jumamosi. Boti yake ilikuwa nyepesi kama unyoya wa kuku wake.

Hiyo ndiyo ya samaki. Ya upepo ilikuwa nzito zaidi. Vile vikombe, baada ya lami na chumvi, havikufaa kurudi mlingotini, na kichwa kingine kilikuwa kinatoka mbali, siku tisa, na upepo wa siku tisa usipopimwa, mwaka wote una pengo. Larissa alikuwa na kichombo cha kupimia upepo kwa mkono. Akampa Callixte, na daftari, akaifunga boti yake kwa kamba kwenye boya. Tangu Jumapili, siku tisa hakuvua. Toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni alikaa ndani ya boti, peke yake, yeye asiyeweza kunyamaza hata kanisani, anainua mkono kila saa na kuandika upepo ulivyo, si alivyoutaka. Siku ya sita upepo haukuja kabisa. Ziwa lililala kama sahani. Akaandika sifuri kumi na mbili, na kwenye kila sifuri akatia sahihi.