Jino la Ghorofa ya Nane

Ndani ya basi la mjini Matsuyama, Japani, bibi mmoja alikuwa akimweleza mzee asiyejuana naye kwamba leo anawekewa jino la bandia la skrubu, taya la chini. Sikutaka kusikiliza, ila niliegemea mbele kidogo.

"Skrubu wanaianika kwanza kwenye taa yenye miale kama ya jua, eti mfupa uishike upesi."

"Kama mama alivyoanika magodoro!" mzee akacheka. "Na usiposhika?"

"Basi figili kavu, ngumu zile, nitazila kwa macho tu."

"Zamani utotoni, jino la chini liking'oka tulilirusha juu ya paa, jipya likaota."

"Lililong'olewa ninalo mkobani. Nilirushe wapi, nami nakaa ghorofa ya nane?"

"Kwangu bado pana paa la vigae, dada."

Basi likasimama mbele ya kliniki. Bibi akamkabidhi kifurushi cha karatasi. "Rusha kwa nguvu, kaka."