Nati Zilizokazwa

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mwanamume mwenye tai alimgeukia mama aliyekaa naye, wala hawajuani, akamwaga ya moyoni. "Dada, jana nimerudi safari nikakuta mke wangu amebadilisha tairi mwenyewe, pale pale uani. Nani kamfundisha?"

"Si umshukuru, kaka?"

"Nimshukuru? Mimi huinua gari kwa jeki, ndipo nahangaika na nati huku gurudumu linazunguka. Yeye eti alilegeza nati kwanza, gari likiwa chini. Hayo ni mambo ya fundi. Kuna mtu hapo!"

Nilijifanya nasinzia ili nisikie zaidi.

"Leo asubuhi nikasema nilifungue tairi hilo, nilifunge upya mwenyewe. Nati zimegoma! Mkono wa mke wangu naujua, haukazi hivyo. Nikaliacha gari. Siendeshi tairi la mwanamume mwingine."

"Si mkono, ni mguu," mama akasema taratibu. "Unakanyaga spana."

Mwanamume akamkazia macho. "Na wewe nani alikufundisha?"

Basi likasimama. Mama akachukua mkoba wake. "Mume wangu naye bado anauliza hilo hilo," akasema, akashuka.