Kibibi cha Kwanza

Ndani ya tramu ya Kolkata, Mzee Nirapada alimlalamikia mama asiyemjua aliyeketi kando yake. Wote wawili walikuwa wametoka kwenye tamasha la kuonja vibibi vya nazi, vile vikate vya kumimina kikaangoni.

"Vibanda kumi na viwili, dada yangu! Hakuna kibibi kilichofikia cha marehemu mke wangu, Shefali. Chake kilikuwa na uchungu kidogo pembeni, halafu utamu. Kila mara alinipa cha kwanza kabisa."

Mama akaangua kicheko. "Cha kwanza? Mzee wangu, cha kwanza huungua! Moto wa kikaango haujatulia. Alikulisha vilivyomharibikia!"

"Miaka arobaini? Shefali wangu? Athubutu wapi!"

"Kathubutu, nawe ukaramba vidole."

Mzee akanuna, kisha akakumbuka ule uchungu wa pembeni. Tramu ikasimama. Akashuka akicheka peke yake, machozi yakimlengalenga.