Zulia la Kuombea Ada

Mama muuza mkaa alipanda basi na zulia jekundu la kuazima, akalipakata kama mtoto mchanga. Mzee mshona viatu aliyekaa pembeni yake akauliza, “Unahama, mwanangu?”

“Sihami, baba. Leo watu wa chuo wanakuja kuona kama kweli sisi ni mafukara, ndipo wamlipie binti yangu ada.”

“Na zulia?”

“Mgeni akanyage vumbi? Nina haya mimi!”

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Naenda kuomba matambara nimevaa hariri.”

Mama akawaza kituo kizima, na jibu amelipakata. “Sijui.”

“Nipe mji.”

“Chukua mji, baba, niachie zulia.”

“Ni wewe na zulia hilo! Lirudishe, mtoto asome.”

Basi likasimama. Mama akashuka, zulia begani. “Hili labda nitalirudisha,” akasema, “lakini kochi limeshatangulia na mkokoteni.”