Neno Lililopigiwa Mstari

Taksi-basi ilipotoka Butembo kuelekea Beni, Jokébed alifumba macho kama amelala, ila masikio aliyaacha wazi. Mbele yake mwanaume aliyejiita mwalimu alikariri Kiingereza kutoka daftarini. Mama muuza mawese aliyekaa naye akashindwa kuvumilia.

"Papa, hiyo Kingereza ni ya kazi gani? Benye kuisema huku ni basoda ba Uganda tu, benye bunduki."

"Ni ya théâtre, mama. Batoto ba masomo batacheza. Stage ni fasi ya kuchezea. Curtain ni rideau."

"Na hii yenye umepigia mustari?"

"Plot."

"Plot? Sawa complot, shauri ya siri ya kuua batu?"

"Hapana, mama! Ni vile hadisi inapangwa: nani atakufa, nani atamuuzisha mwenzake."

"Donc ni complot." Mama akavuta bidoni yake ya mawese karibu. Jokébed, angali na usingizi wake wa uongo, naye akavuta miguu.

Mwalimu akacheka. "Mais mama, ni muchezo. Batu ba uongo!"

"Hata ku redio banasemaka mauaji ni uongo, na tunazika batu ba kweli."

Kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi, gari likasimama. Soda wa Uganda akaingiza kichwa dirishani, akawakagua abiria mmoja mmoja, kisha uso ukamchangamka. "Teacher!" Kiingereza kikamtoka kwa haraka. Jokébed hakijui, lakini neno moja alilidaka: plot. Mwalimu akajibu, na wote wawili wakacheka.

Mama akashusha bidoni yake, akasema Beni atafika kwa miguu.