Nyumbani kwa Bwana Josiah Fearon

Ndugu, majirani, na ninyi wazee wa Rangoon mliosafiri kwa treni kutoka Bath na Bedford, huu ndio wasifu wa Bwana Josiah Fearon, mfanyabiashara wa mchele na mbao za msaji, ambaye leo tarehe 13 Novemba 1934 tunamlaza hapa Cheltenham. Mimi ni binti yake, Winifred. Nimeombwa nieleze maisha yake kwa mpangilio, na nimejaribu. Ila nimeandika nikiwa nimechanganyikiwa, kwa sababu marehemu alituachia ombi moja tu, na sijui kama tunalitimiza au tunalivunja.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Machi 1868 huko Maryport, Cumberland, mtoto wa pili wa msuka kamba za meli. Alisoma shule ya kanisa mpaka umri wa miaka kumi na minne. Dada yake, Shangazi Hannah, anasema alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba, na kwamba aliwahi kuchapwa kwa kuwauzia wenzake matufaha ya bustani ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amenunua mawili.

Mwaka 1882 alianza ukarani katika ofisi ya meli mjini Liverpool, na Oktoba 1889 akasafiri kwenda Rangoon, bandari ya nchi ya Waburma, kusimamia ununuzi wa mchele. Miaka kumi baadaye alikuwa na kampuni yake na maghala mawili kando ya mto. Aliishi kule miaka thelathini na sita, na Kiburma alichokijua ni cha kuagiza chai na kukataa bei. Mchele ulilimwa na wengine na kubebwa na wengine. Yeye aliuuza, nao ndio ulionunua nyumba ambamo mtakunywa chai baada ya ibada hii. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, siwezi kuliruka.

Tarehe 18 Januari 1902 alifunga ndoa kulekule Rangoon na Edith Lowthian, mchumba aliyekuwa hajamwona kwa miaka minne. Mama anasema aliposhuka melini alimkimbilia kwa furaha bwana mwingine mwenye sharubu. Baba alisimama pembeni akasubiri amalize.

Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu Lancelot na mimi. Kwa Waingereza wote wa Rangoon, "nyumbani" maana yake ilikuwa Uingereza, hata kwa sisi watoto ambao hatukuwahi kuiona. "Nyumbani mvua inanyesha kistaarabu," Baba alikuwa akisema masika yakituziba masikio. Mwaka 1913, nikiwa na miaka sita, tulipelekwa shule "nyumbani", kama walivyopelekwa watoto wote wa huko. Yaya wetu, Ma Hnin, aliniuliza huku akinifunga viatu, "Kwa hiyo mnakwenda nyumbani?"

"Ndiyo."

"Na hapa mlipokuwa mnakaa siku zote ni wapi?"

Nililia melini mpaka Colombo. Halafu vita vikaja, na sikumwona Baba kwa miaka sita. Alipokuja kunichukua shuleni nilimwita "bwana". Iliniuma, na nadhani yeye ilimuuma zaidi.

Mwaka 1925 alistaafu akahamia hapa Cheltenham. Tulifikiri sasa amefika. Wiki ya pili alisimama dirishani akasonya. "Hii nayo mnaiita mvua? Nyumbani ikiamua kunyesha, inanyesha." Mama alimuuliza nyumbani wapi. "Kwani ziko ngapi?" akajibu, akaenda kumgombeza mpishi kwa kuufanya wali uji.

Aliugua kifua kuanzia Septemba mwaka huu. Alasiri ya tarehe 8 Novemba, Mama, Lancelot na mimi tukiwa kando ya kitanda, katika chumba alicholala miaka tisa, alifumbua macho akasema, "Nipeleke nyumbani." Akarudia mara moja, akalala. Alifariki kesho yake mchana.

Shangazi Hannah alipofika alikuwa amekwisha kuzungumza na mchimba kaburi wa Maryport. "Wifi, nyumbani kwake ni kwao," alimwambia Mama. "Baba yetu yuko pale, mama yetu yuko pale. Mnataka alale na wageni?"

"Shangazi, alitoka Maryport akiwa na miaka kumi na minne, hakurudi hata kwa Krismasi," Lancelot alisema. "Nyumbani kwake ni Rangoon. Utamuuliza nani asikubali?"

"Basi mpakie melini, mwanangu, pamoja na magunia yake. Utaona atafika katika hali gani."

Nami nilikuwa katikati, nikikubaliana na kila aliyesema mwisho. Mama alisema tu kwamba atazikwa hapa, akaenda kulala. Shangazi hajazungumza naye tangu juzi.

Karatasi mliyo nayo mkononi inaishia hapo. Haya yafuatayo nimeyaongeza kwa kalamu leo asubuhi, baada ya kumsaidia Mama kuvaa glovu. Aliniuliza kama nimemaliza kuandika. Nikamwambia bado, sijui niseme nini kuhusu nyumbani.

"Winnie, Baba yako alikuwa akisema hivyo kwenye kila karamu," alisema. "Akishachoka na watu, ananiinamia sikioni: Edith, nipeleke nyumbani. Rangoon alisema, hapa alisema, hata siku ya harusi yetu alisema, keki haijakatwa. Mimi naaga watu, yeye anachukua kofia anakwenda kunisubiri mlangoni. Hata mara moja hakuuliza tunaelekea wapi."

"Sasa Mama, mbona juzi hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnabishana habari za miji."

Nilikaa kitandani nikalia, na sijui vizuri nilikuwa namlilia nani kati yao.

Marehemu ameacha dada, Hannah, ambaye naomba sasa amshike wifi yake mkono, watoto wawili, Lancelot na Winifred, wajukuu watatu, na mke, Edith, aliyeagiza kaburi lichimbwe kina cha watu wawili. Apumzike kwa amani. Mama bado anaaga watu.