Sufuria ya Likasi kwa Kaburi la Gaston

Marehemu Gaston Kisimba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 Likasi, Kongo, mji ukiitwa bado Jadotville. Alisoma shule ya msingi mpaka mwaka wa tano, akaacha. Mjomba wake akamfundisha kuyeyusha alumini ya injini zilizokufa na kusubu sufuria kwenye mchanga.

Tarehe 6 Julai 1974 alimuoa Clémentine, ndiye mimi niliyeandika haya kwa mkono wangu, sikusaidiwa na mtu. Sufuria kubwa ya kwanza aliyoisubu peke yake alinipa siku ile ya harusi. Mwaka 1998 tulikuja nayo Johannesburg, nimeibeba mimi.

Karakana yake ilikuwa Doornfontein. Huku sufuria za mkono hazikuwa na wateja, basi akasubu misalaba ya makaburi, ya ndugu zetu ambao hawakurudishwa nyumbani. Vijana walimcheka, "Eish, Papa Murielle, kaburi la sufuria?"

Akawajibu, "Nyamazeni. Zamani alumini ilikuwa kitu cha wafalme. Ule mnara mrefu wa Washington, kule Amerika, ncha yake ya juu kabisa ni alumini. Na babu yako wewe amewekewa nini? Simenti!"

Januari 2025 mapafu yalimshika. Siku moja kitandani akasema, "Mama Murielle, kaburi langu liwekewe ncha kama ile ya Amerika. Itoke kwenye sufuria yetu."

Nikakataa. "Nitapikia nini?"

"Chukua ile ndogo."

"Ile ndogo ni ya mtu mmoja, Gaston."

Akageukia ukuta. Hatukusema tena habari hiyo. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2025, saa tatu asubuhi.

Binti yetu Murielle alitaka graniti nyeusi. Hiyo nayo nimeikataa. Juzi nimepika bukari, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa, kama kawaida yangu. Nimekula pembeni kidogo, karibu yote ikabaki. Jana nimempelekea Pitchou, fundi mwenzake, sufuria hiyo, nikakaa pale kwenye kiti cha Gaston mpaka ikayeyuka yote. Ncha mtaiona leo.

Ameacha mjane, Clémentine; binti, Murielle, wa Midrand; mwana, Gaël, wa Lubumbashi; na wajukuu wanne, ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawanijibu nacho.

Bwana ampe Gaston pumziko la amani. Ile ndogo nimeichukua.